Kulinganisha Kingo za Chuma za Barabarani na Viwango Vipya vya Majaribio ya Kugongwa: Mwongozo kwa Wasimamizi wa Barabara za Milimani

Maswali yaliyonifanya niandike mwongozo huu ni yale yale kila msimu wa matengenezo, na mengi hutoka kwa vijana waliohitimu karibuni na kupangiwa kusimamia barabara za Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe. Mmoja anauliza kama kingo zote za zamani zing'olewe kwa kuwa kiwango zilichopimiwa kimepitwa na wakati. Mwingine ameletewa na muuzaji karatasi moja yenye neno MASH, jina la kiwango kipya cha Marekani cha majaribio ya kugongwa, kwa herufi kubwa, na anataka kujua kama inatosha kupitisha malipo. Wa tatu amepima kimo cha ukingo kwenye nguzo moja mara mbili na kupata namba mbili tofauti. Kwa kuwa majibu yanategemeana, nimeona ni heri kuyaweka mahali pamoja na kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Kabla ya yote, shika jambo hili, kwa sababu kila hatua iliyo hapa chini inatoka humo. Kinachofaulu jaribio la kugongwa ni mfumo mzima: boriti ya chuma yenye umbo la W, nguzo, kipande kinachotenganisha nguzo na boriti, bolti, kimo, umbali kati ya nguzo, udongo uliozishika, na mwisho wa ukingo. Ukibadilisha kimojawapo bila jaribio jingine, umebaki na chuma kizuri kando ya barabara, lakini huna tena ushahidi wa namna kitakavyofanya siku gari litakapokigonga.

Kilichobadilika, kwa ufupi

Kwa muda mrefu kingo nyingi zilizouzwa duniani zilipimwa kwa ripoti ya Marekani iitwayo NCHRP 350, ya mwaka 1993. Mwaka 2009 AASHTO, ambayo ni jumuiya ya idara za barabara za majimbo ya Marekani, ilitoa mwongozo mpya uitwao MASH, na toleo lake la pili likatoka mwaka 2016. Sababu kubwa ya mabadiliko ni kwamba magari yameongezeka uzito na kimo. Gari dogo la majaribio lilipanda kutoka kilo 820 hadi kilo 1,100, na pembe yake ya kugonga kutoka digrii 20 hadi 25. Pikapu ilipanda kutoka kilo 2,000 hadi 2,270. Katika kiwango cha tatu, kinachoandikwa TL-3, yote mawili hugonga kwa kilomita 100 kwa saa. Lori la kiwango cha nne, TL-4, lilikuwa la kilo 8,000 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Sasa ni la kilo 10,000 kwa mwendo wa kilomita 90. Mabadiliko hayo ya lori peke yake yanaongeza nishati ya mgongano kwa zaidi ya nusu, na ndiyo maana ukuta wa zege wenye kimo cha milimita 813, uliokubalika kwa TL-4 ya zamani, haukubaliki kwa TL-4 mpya: lori hulala juu yake na kuvuka. Kimo kinachotumika sasa kwa kiwango hicho ni takriban milimita 914.

Kiwango cha Ulaya ni EN 1317, na bidhaa nyingi zinazofika kwetu kupitia miradi ya wafadhili zimepimwa kwa hicho. Daraja lake la N2 linahusu gari la kilo 1,500 kwa kilomita 110 kwa saa. H2 ni basi la kilo 13,000 kwa kilomita 70. H4b ni lori lenye tela la kilo 38,000 kwa kilomita 65. Yote matatu hugonga kwa pembe ya digrii 20. Madaraja ya Ulaya na ya Marekani hayabadilishwi moja kwa jingine kama unavyobadilisha inchi kuwa milimita. Atakayekuambia kwamba "N2 ndiyo TL-3 yao" hajasoma majedwali: magari si yale yale, pembe si zile zile.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwanza ni ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye barabara, yaani ofisi ya meneja wa TANROADS wa mkoa kwa barabara kuu na za mkoa, au TARURA kwa barabara za wilaya, pamoja na taarifa kwa askari wa usalama barabarani. Pili ni nakala ya masharti ya kiufundi ya mkataba wako, michoro ya mtengenezaji, na ripoti kamili ya jaribio. Tatu ni vifaa: futi ya chuma, rula ya alumini ya mita 2, pima maji, spana za ukubwa wa bolti ulizo nazo, sururu na koleo, brashi ya waya, rangi ya kupuliza kwa ajili ya alama, daftari lenye karatasi ngumu, na simu yenye kamera nzuri.

Nne ni watu na usalama wao. Usipime peke yako. Kwenye barabara nyembamba ya mlimani unahitaji washika bendera wawili wenye redio, koni za kutosha pande zote mbili, na fulana zinazong'aa kwa kila aliyepo. Eneo la Uyole kuelekea Tukuyu, na njia ya Mbeya kwenda Chunya inapopanda juu ya mji, ukungu hukaa hadi asubuhi imeendelea. Ngoja ukungu uondoke. Hakuna kipimo cha kimo kinachostahili mtu asimame mahali ambapo dereva wa lori hamwoni.

Hatua kwa hatua

1. Fungua mkataba na uandike kiwango kinachodaiwa, kwa jina na mwaka. Mkataba ukisema "kingo zenye uwezo wa kutosha" bila kutaja kiwango, peleka swali la maandishi kwa mhandisi mshauri kabla ya kuagiza chochote. Mkataba ukitaja NCHRP 350, uliza kama unakusudia hivyo kweli au maneno yalinakiliwa kutoka mradi wa zamani. Mara nyingi yamenakiliwa. Swali hili linagharimu barua moja likiulizwa sasa, na linagharimu kontena zima likiulizwa bidhaa zikiwa bandarini.

2. Tembea barabara yote kwa miguu na uigawe katika vipande kulingana na hatari. Andika mahali penye korongo, mto, nguzo ya umeme, jiwe kubwa, mwanzo wa daraja na nyumba zilizo chini ya tuta. Andika pia mteremko na kona, na upande upi magari hushuka. Kitonga, Nyang'oro na Iwambi hazifanani na tambarare za Igawa, na ukingo mmoja haufai kote. Jiulize kila mahali: je, ukingo unahitajika kweli, au hatari yenyewe yaweza kuondolewa? Kusogeza nguzo au kulaza tuta ni bora kuliko ukingo wowote, kwa maana ukingo nao hugongwa.

3. Kadiria nishati ya mgongano. Nadharia yote unayoihitaji imo katika hesabu hii. Chukua mwendo kwa kilomita kwa saa, ugawe kwa 3.6, zidisha kwa namba ya pembe (0.259 kwa digrii 15, 0.342 kwa digrii 20, 0.423 kwa digrii 25), kisha jawabu lizidishe kwa lenyewe. Zidisha kwa uzito wa gari kwa kilo, gawa kwa 2, gawa tena kwa 1,000. Unapata kilojuli.

Ukifanya hivyo kwa pikapu ya TL-3 unapata takriban 156. Kwa basi la H2, takriban 288. Lori lenye tela la TL-5, la kilo 36,000 kwa kilomita 80 kwa saa na digrii 15, linatoa takriban 595, na la H4b takriban 725. Sasa chukua lori la kwetu. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu hadi tani 56, na malori ya namna hiyo ndiyo yanayopanda na kushuka kila siku kwenda Tunduma. Tani 56 kwa kilomita 60 kwa saa na digrii 15 ni takriban kilojuli 520. Kwa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria wa magari makubwa nchini, ni zaidi ya 920, yaani kupita madaraja yote niliyoyataja.

Fikiri juu ya namba hizo bila haraka. Maana yake ni kwamba ukingo wa kawaida wa chuma wa TL-3 au N2, ambao ndio mwingi kando ya barabara zetu, haukutengenezwa kulizuia lori lililojaa. Umetengenezwa kwa ajili ya gari dogo na pikapu. Ukiambiwa kwamba "kona hii ina ukingo, kwa hiyo iko salama", uliza: salama kwa nani? Penye korongo refu na kona kali upande wa kushukia, peleka pendekezo la daraja la juu zaidi au ukuta wa zege mrefu, na ulipeleke pamoja na hesabu yako. Na kwa lori lililokatika breki katikati ya mteremko mrefu, tegemeo lisiwe ukingo hata kidogo, bali njia ya dharura yenye kokoto nyingi, kwa kuwa kazi ya ukingo ni kulirudisha gari kwenye mwelekeo wake. Kulisimamisha si kazi yake.

4. Soma ripoti ya jaribio, usisome kipeperushi. Kwa MASH, dai ripoti za majaribio yote yanayohitajika. Ukingo wa TL-3 lazima uwe na jaribio la 3-10 la gari dogo na la 3-11 la pikapu. Moja peke yake halitoshi. Angalia kwamba maabara ina ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za majaribio. Kwa EN 1317, dai tamko la utendaji la mtengenezaji na cheti cha alama ya CE, kisha usome vitu vitatu: daraja la uwezo wa kuzuia, upana wa kuyumba, na ukali wa kishindo kwa abiria. Upana wa kuyumba umeandikwa W1 hadi W8: W1 hauzidi mita 0.6, W4 hauzidi mita 1.3, W8 hauzidi mita 3.5. Ukali wa kishindo ni A, B au C, na A ndiyo laini zaidi kwa walio ndani ya gari.

Kosa linalojirudia hapa ni kununua daraja la juu la uwezo huku ukipuuza upana wa kuyumba. Ukingo wa W6, ambao unaweza kuhitaji hadi mita 2.1, ukiwekwa mita moja mbele ya nguzo ya daraja, utamwacha dereva agonge nguzo hiyo hiyo uliyokusudia kumkinga nayo.

Kisha linganisha ripoti na mzigo uliofika. Hesabu mashimo ya bolti, pima unene wa boriti, pima urefu wa nguzo. Nguzo ikiwa fupi kuliko ya kwenye mchoro, hata kwa sentimita 20, rudisha mzigo.

5. Pima kimo kwa njia moja, kila mahali. Mfumo wa Marekani wa MGS, ambao ndio uliojibu mahitaji ya MASH kwa kingo za boriti ya W, una kimo cha milimita 787 hadi juu ya boriti, na uvumilivu wa milimita 25 juu au chini. Mfumo uliotangulia ulikuwa na kimo cha takriban milimita 706. Tofauti hiyo ni kama upana wa kiganja cha mkono, lakini ndiyo inayoamua kama pikapu itarudi barabarani au itapanda juu ya boriti.

Namba mbili tofauti kwa nguzo moja hutokana na kupima kutoka mahali pawili: mmoja anapima kutoka kwenye udongo ulio miguuni mwa nguzo, mwingine kutoka kwenye lami. Fanya hivi. Laza rula ya mita 2 juu ya bega la barabara, iendelee kufuata mwinamo wa bega hadi chini ya uso wa boriti. Kutoka kwenye rula, pima kwenda juu wima hadi ukingo wa juu wa boriti. Uso huo ndio gurudumu litakalokuwa juu yake gari linapogonga, na ndio unaohesabika.

Pima kila nguzo ya tano, na kila nguzo penye kona. Niliwahi kukagua kipande kimoja mkoani Iringa ambacho karatasi zilionyesha kimo sahihi cha mfumo wa zamani, milimita 706. Rula ilinipa 610. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Kisha nikakwangua kando ya lami kwa sururu na kuona tabaka mbili zilizoongezwa juu ya ile ya kwanza, kila moja ya unene wa karibu milimita 50. Hakuna aliyegusa ukingo. Barabara ndiyo iliyopanda. Tangu siku hiyo, kila ninapoona mpango wa kuongeza lami, huuliza kama bajeti ya kuinua kingo imo ndani yake.

Angalizo: kuinua boriti ya zamani hadi milimita 787 hakuufanyi ukingo huo kuwa MGS. Katika MGS viungo vya boriti viko katikati ya nguzo mbili, si juu ya nguzo, na kipande cha kutenganisha ni kinene zaidi, milimita 305 badala ya 200. Usiandike kwenye taarifa kwamba umeboresha hadi MASH kwa kubadilisha matundu ya bolti tu.

6. Kagua nguzo na udongo unaozishika. Nguzo ya chuma ya MGS ina urefu wa milimita 1,829, na zaidi ya mita moja iko ardhini. Umbali kati ya nguzo ni milimita 1,905. Nguvu yake inatoka kwenye udongo: nguzo inapogongwa hujizungusha ndani ya ardhi na kumeza nishati. Kwa hiyo nyuma ya nguzo panahitajika udongo wa kutosha kabla ya tuta kuanza kuteremka, na kipimo cha kawaida ni milimita 610.

Hapa ndipo nyanda zetu za juu zinapodai uangalifu kuliko kwingine. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na maji yakikosa mfereji hupita nyuma ya kingo na kula tuta. Kule Rungwe udongo wa volkano ni mwepesi na wenye vinyweleo, na nguzo iliyosimama vizuri Oktoba yaweza kuwa inacheza Mei. Ishike nguzo kwa mikono miwili na uitikise. Ikisogea, au ukiona mwanya kati yake na udongo, iandike. Penye tuta lililokwisha liwa, suluhisho ni kurudisha udongo na kuushindilia kwa tabaka na kutengeneza mfereji, au kutumia toleo lililojaribiwa la nguzo ndefu zaidi. Kwa MGS lipo toleo lenye nguzo za takriban mita 2.74 kwa ajili ya ukingo wa mteremko mkali.

7. Kagua bolti na viungo, na usiongeze kitu kwa nia njema. Boriti zipishane kwa kufuata mwelekeo wa magari ya njia iliyo karibu. Kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto, boriti unayoikuta kwanza upande wako wa kushoto ndiyo inayolala juu, upande wa barabara, na inayofuata inaingia nyuma yake. Ikiwekwa kinyume, makali ya boriti yanaelekea gari linalokuja.

Fundi mmoja mwenye uzoefu mkubwa wa kuchomelea, ambaye nilimheshimu na bado namheshimu, alikuwa ameweka washa kubwa ya mstatili chini ya kichwa cha kila bolti inayofunga boriti kwenye nguzo. Aliniambia, "Mhandisi, hii haitang'oka hata igongwe na treni." Ilinibidi nimweleze kwamba katika mfumo ule inatakiwa ing'oke. Nguzo inapolala, kichwa cha bolti hupenya kwenye tundu refu la boriti na kuiachia, ili boriti ibaki juu ikilishika gari. Washa ikizuia, nguzo huivuta boriti chini pamoja nayo, na gari hupanda juu yake kama ngazi. Tulizitoa zote, nguzo 64. Mifumo mingine ya Ulaya ina washa kwenye michoro yake, na huko ni lazima ziwepo; mchoro ndio unaoamua, si mkono wa fundi wala wangu.

Kwa sababu hiyo hiyo, usichomelee boriti kwenye nguzo. Zaidi ya kuzuia boriti isiachie, moto unaunguza zinki na kutu inaanzia hapo.

8. Shughulikia miisho kabla ya mengine. Kama bajeti inatosha kitu kimoja tu mwaka huu, kiwe hiki. Mwisho wa boriti uliokatwa wazi, au uliobandikwa kibati kilichopanuka kama mkia wa samaki, ni mkuki: huingia kupitia mbele ya gari hadi kwa abiria. Mwisho uliolazwa na kuzikwa ardhini ni ngazi: hulirusha gari juu na kulipindua. Yote mawili bado utayaona njiani.

Weka mwisho uliojaribiwa kwa kiwango kilichomo kwenye mkataba, na ufuate maelekezo ya mtengenezaji hadi bolti ya mwisho, pamoja na kusawazisha ardhi iliyo mbele na kando yake. Penye mlima uliochongwa upo uamuzi mwingine mzuri unaozifaa sana barabara zetu: kuupeleka ukingo hadi uingie ndani ya ukuta wa mlima na kuufungia huko, bila kuushusha. Na kumbuka kwamba barabara ya njia mbili ina magari yanayokuja kutoka pande zote mbili, kwa hiyo mwisho wa nyuma nao waweza kuwa mwanzo kwa anayepishana na mwenzake.

9. Kagua maungio na madaraja. Ukingo laini ukiunganishwa ghafla na ukuta mgumu wa daraja hutengeneza mfuko, na gari huingia humo na kugonga kichwa cha ukuta. Panahitajika kipande cha mpito chenye nguzo zinazokaribiana hatua kwa hatua na boriti yenye nguvu zaidi, kilichojaribiwa kama mfumo. Kama ukingo umeishia mita moja kabla ya daraja, kama ilivyo kwenye madaraja mengi madogo, liandike kwa wekundu.

10. Amua kila kipande: kiachwe, kirekebishwe au kibadilishwe. Ukingo uliokubalika kwa NCHRP 350, ambao kimo, nguzo na miisho yake viko kama mchoro unavyotaka, si lazima ung'olewe. Hata Marekani kwenyewe, ambako tarehe za mwisho za kufunga bidhaa za zamani kwenye miradi mipya zilipangwa kati ya Desemba 2017 na Desemba 2019, kingo zilizokuwepo tayari ziliruhusiwa kubaki. Badilisha ule ulioharibika, ule ulioshuka kimo, na ule uliopo penye hatari inayozidi uwezo wake. Kung'oa kilometa tano za ukingo mzima wakati miisho ya kilometa ya sita ni mikuki ni matumizi mabaya ya fedha ya umma.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Nguzo haiingii kwa sababu ya mwamba.* Usiikate na kuipigilia iliyobaki, wala usiimwagie zege pande zote. Nguzo iliyokatwa haina mshiko, na iliyoshikwa na zege haiwezi kujizungusha. Toboa mwamba kwa shimo pana kuliko nguzo kwa vipimo vya mchoro, kisha jaza kokoto na kushindilia. Hali ni hiyo hiyo penye lami au sakafu ya zege: acha nafasi wazi kuizunguka nguzo.

*Boriti zimeibwa na kuuzwa kama chuma chakavu.* Pengo moja huacha miisho miwili mitupu ikitazama magari, kwa hiyo weka koni na alama siku hiyo hiyo, usingoje manunuzi. Usijaze pengo kwa boriti ya mfumo mwingine hata kama mashimo yanakaribia kulingana. Toa taarifa polisi na kwa serikali ya kijiji, na piga boriti mpya alama ya kudumu upande wa nyuma. Mwenyekiti wa kijiji anayejua kwamba ukingo ule ndio unaolinda nyumba zilizo chini ya kona atakupigia simu kabla mlinzi yeyote hajafanya hivyo.

*Muuzaji anasema ripoti kamili ni siri ya kiwanda.* Mwambie kwamba utapokea mzigo siku utakapopokea ripoti. Hakuna njia ya katikati hapa.

*Kimo kinabadilika nguzo kwa nguzo.* Kagua bega la barabara kabla ya kulaumu ukingo. Mara nyingi bega ndilo lililoliwa na magurudumu ya malori yanayoegeshwa, na kulisawazisha kunarudisha kimo bila kugusa bolti.

*Kuna ukingo mdogo wa zege wa mfereji mbele ya boriti.* Huo hulirusha gurudumu kabla gari halijafika kwenye boriti. Uondoe, au usogeze ukingo wa chuma hadi uso wa boriti ulingane na uso wa zege, ikiwa tu mfumo wako umejaribiwa hivyo.

*Bodaboda wanateleza na kupita chini ya boriti.* Nguzo ni hatari kubwa kwa mtu aliyeanguka kutoka kwenye pikipiki. Ulaya ilitoa utaratibu wa majaribio kwa ajili yao, CEN/TS 1317-8, mwaka 2012, na ipo mifumo yenye bati la ziada la chini. Litumie bati hilo kwenye kona ambako bodaboda wengi hupita, lakini liwe limejaribiwa pamoja na ukingo wako, kwa sababu bati la ziada hubadilisha namna gari dogo linavyogonga.

*Ukingo umegongwa.* Majeruhi wakishahudumiwa na polisi wakimaliza vipimo vyao, piga picha kabla fundi hajagusa chochote: alama za magurudumu, nguzo zilizolala na zilizobaki, mahali boriti ilipoachia bolti, na mahali gari lilipoishia. Pima kimo kwenye nguzo tano zilizo kabla ya mahali pa pigo na tano zilizo baada yake, na umbali ambao boriti imesogea kutoka mahali pake. Andika aina ya gari, hali ya hewa na mwelekeo wa safari. Badilisha boriti, nguzo na vipande vyote vilivyopinda, hata vile vinavyoonekana kunyooka tena vikigongwa kwa nyundo, na hifadhi karatasi hizo kwenye faili la kipande hicho cha barabara, pamoja na ripoti ya jaribio ya mfumo uliofungwa hapo.